Jinsi ya Kuchagua Samani za Baa za Zamani kwa Ajili ya Kupokea Wageni Nyumbani

Kabati la vinywaji, kiti cha kaunta na meza ya bilauri hufanya kazi ngumu kuliko samani nyingine za sebuleni, kwa sababu humwagikiwa, huegemewa na kuburutwa na watu waliochangamka. Katika kazi yangu ya kurekebisha samani za zamani mjini Mombasa, wateja wengi walioniletea vitu vilivyoharibika walikuwa wamevichagua kwa umri na uzuri wake, wakasahau kuuliza kama vingeihimili kazi hiyo. Swali hilo ndilo linaloongoza hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Pima nyumba yako kwanza

Kaunta yenye kimo cha sentimita 90 huhitaji kiti ambacho kikalio chake kiko kati ya sentimita 60 na 65 kutoka sakafuni, na kaunta ya baa yenye sentimita 105 huhitaji kiti cha sentimita 75 hivi. Kila mgeni mpe upana wa sentimita 60. Usiamini kipimo cha kuambiwa, kwa kuwa viti vingi vya zamani vimewahi kukatwa miguu iliyooza. Pima pia mlango wa nyumba na kona za ngazi, kwani makabati mengi ya miaka ya 1930 ni mazito na hayafunguliki vipande vipande.

Hatua ya 2: Tambua umri wa kitu

Mfumo wa forodha unaotumiwa na nchi nyingi duniani huhesabu kuwa cha kale kitu kilichopita miaka 100. Kilicho chini ya hapo ni cha zamani tu, hata kama muuzaji anakiita cha kale. Makabati ya vinywaji yenye vioo ndani yalienea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, na mengine yalitengenezwa yafanane na meza ya kuandikia au kabati la vitabu, hasa Marekani, ambako pombe ilipigwa marufuku kuanzia 1920 hadi 1933. Ukiona skrubu zenye alama ya msalaba kichwani katika kabati linalodaiwa kuwa la 1910, fahamu kwamba limefunguliwa na kurekebishwa baadaye, maana skrubu hizo zilianza kuenea katika miaka ya 1930. Marekebisho si dosari yenyewe, lakini yanapaswa kupunguza bei.

Hatua ya 3: Kagua mahali pasipopakwa rangi

Hapa usifanye haraka. Toa droo zote, uzigeuze, kisha umulike tochi nyuma na chini ya kabati. Ubao uliokaa miaka mingi hewani huwa umekolea rangi pande zote zilizo wazi, tena kwa kiwango kisicho sawa, ambapo ubao uliopakwa rangi ili uonekane mzee huwa na rangi moja kila mahali, hata ndani ya maungio yasiyofikiwa na vumbi. Angalia pembe za droo: meno yaliyokatwa kwa mkono hutofautiana kidogo kwa upana, na yale ya mashine hulingana kabisa. Meza ya duara ipime kipenyo kwa kufuata nyuzi za mbao na kwa kuzikata, kwa sababu mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na meza ya kale kweli mara nyingi hupoteza milimita kadhaa upande mmoja.

Kisha tafuta wadudu. Matundu madogo ya duara ni alama ya bungua waliokwisha kutoka, na hayaonyeshi kama wengine wamebaki ndani. Tandika karatasi nyeusi chini ya kabati kwa wiki mbili au tatu. Unga mpya ukidondoka, wadudu wako hai, na kitu hicho kisiingie nyumbani kabla ya kutibiwa. Bonyeza kwa ukucha sehemu ya chini ya miguu, mahali ambapo mchwa na maji ya kudekia huanzia kazi yao.

Hatua ya 4: Jaribu uso wake

Samani nyingi nzuri za zamani zilipakwa shelaki, yaani king'arisha mbao kinachotokana na utomvu wa wadudu, ambayo hung'aa kwa namna ninayoipenda kuliko vanishi yoyote, lakini huyeyuka kwa spiriti, na hata kwa pombe kali. Mteja wangu mmoja aliacha bilauri yenye pombe ya jini juu ya kabati usiku kucha, na asubuhi bilauri ilikuwa imeganda juu ya ubao, ikang'oka na duara zima la rangi. Chovya pamba katika spiriti, uiguse sehemu iliyofichika. Ikinata, hiyo ni shelaki, nawe utahitaji kipande cha kioo kilichokatwa kwa kipimo cha uso huo. Usikubali shauri la kuikwangua yote na kupaka vanishi ya kisasa, kwani utakuwa umeondoa kile ulichokilipia. Uso wa zinki hustahimili pombe, ila huwa na madoa ya kijivu ambayo ni sehemu ya uzuri wake. Marumaru nayo huchomwa na tindikali, kwa hiyo nyumba inayokaribisha wageni kwa maji ya ndimu na ukwaju inahitaji tahadhari ileile.

Hatua ya 5: Viti vikaliwe kabla ya kulipiwa

Kaa, egemea nyuma, kisha jitikise taratibu kulia na kushoto. Mlio wa gundi iliyokauka hurekebishika, lakini mguu uliopasuka kwenye ungio ni kazi ya gharama. Kwa anayeanza, ninapendekeza viti vya mbao iliyopindwa kwa mvuke vya aina aliyoibuni fundi samani Michael Thonet mwaka 1859, namba 14: vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, vikisafirishwa 36 ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Vilitengenezwa kwa ajili ya mikahawa, na mpaka leo skrubu zake hukazwa na mtu yeyote. Mhuri au karatasi ya kiwanda hutafutwa chini ya ukingo wa kikalio. Haki yake ya pekee ya kuvitengeneza ilipokwisha mwaka 1869 viwanda vingine viliviiga, na baadhi ya viigizo hivyo ni imara na bei yake ni nafuu.

Hatua ya 6: Kabla ya wageni kufika

Kabati lenye taa ndani libadilishwe waya zote, kwani mpira wa zamani hukauka na kumeguka. Chupa za kristali zenye madini ya risasi zitumike kwa kumiminia jioni hiyo tu, usihifadhi kinywaji humo, kwa kuwa risasi huyeyuka polepole na kuingia ndani yake. Na kabati lililotoka Nairobi kuja pwani liache litulie wiki kadhaa mbali na jua na feni. Milango itavimba na kukwama, nawe usipige randa mpaka uvimbe huo ukome.