Kabla hujanunua mbao za tuta la mboga

Pima kwanza, dukani baadaye. Tuta unalolifikia pande zote mbili lisizidi futi nne kwa upana; likiegemea ukuta, futi mbili zinatosha, la sivyo utaishia kukanyaga humohumo unamopanda. Kwa mchicha kina cha sentimita 20 kinatosha. Karoti zinataka 30.

Kwa kuzungushia kingo za tuta: mawe, kama unayo, tumia. Tofali za kuchoma zigonganishe mbili mbili: zikilia kama kengele beba, zikitoa sauti ya kufa acha, zitamumunyuka masika. Bloku za saruji ni imara, ila zikiwa mpya zinatoa chokaa, kwa hiyo zimwagilie wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mabati yakunje kingo, yanakata. Matairi pandia maua.

Sasa mbao. Mninga na mtiki hudumu, ukiwa na hela. Wengi wetu tunanunua paini ya Mafinga, na paini tupu kwa mchwa wa Dar ni karamu. Nilipohamia Goba nilitengeneza matuta matatu kwa paini ya inchi moja kwa nane. Masika haijaisha, ubao kwa nje mzima, ukiubonyeza kidole kinazama. Mchwa wamekula ndani, wameacha ganda.

Fundi akaniambia nisihangaike, dawa ni oili chafu. Kila mtu anaijua hiyo, nguzo za uzio zinapakwa kila siku. Akaja na galoni mbili kutoka gereji, akapaka mbao mpya nje na ndani, zikang'aa nyeusi tii. Mchwa kweli hawakurudi. Lakini mchicha wa pembeni ukaanza kuwa njano huku wa katikati umestawi. Nikadhani ni maji, nikaongeza. Nikadhani ni mbolea, nikamwaga samadi ya kuku. Mpaka bibi jirani, niliyempelekea mafungu mawili, aliponiita uani. Hata shikamoo yangu hakuimaliza kuiitikia. "Mwanangu, mboga yako inanuka gereji."

Nikaenda kuchimba kando ya ubao. Udongo umeganda, maji yanateleza juu hayaingii. Jua la mchana lilikuwa linailainisha ile oili ikashuka taratibu mpaka kwenye mizizi. Na oili iliyotoka kwenye injini si mafuta tu: imebeba chembe za metali na masalia ya kuungua, mengine yanasababisha saratani. Nilitoa udongo wote, toroli kwa toroli. Hilo halikuniuma kama kuzunguka nyumba nilizogawia mafungu, nikibisha hodi kuwaambia wasipike.

Kwa hiyo oili chafu, marufuku. Usiniambie utapaka upande wa nje tu.

Mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani kijani, muulize muuzaji ni dawa gani. Ile ya siku nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Marekani iliondolewa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Akikujibu "ni dawa tu, mama, haina shida", ondoka. Vipande vyake usipikie, na jivu lake usilimwage bustanini, kwa sababu aseniki haiungui ikaisha. Vipande vya nguzo za umeme vilivyo vyeusi na vinavyonuka lami, usivilete hata getini. Milango ya nyumba iliyobomolewa nayo ina rangi za zamani, na rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Peleti zisome mhuri: HT ni ya kupashwa joto, chukua, MB imefukizwa kwa gesi ya sumu, iache. Isiyo na mhuri hujui imetoka wapi wala ilibeba nini.

Mimi siku hizi ni bloku, basi. Tuta moja tu nimeliachia paini tupu, nimeipandisha juu ya mstari wa bloku isiguse ardhi, na najua nitaibadilisha. Ukitandika nailoni ndani, usifunike chini, maji yatoke. Misumari iokote yote, watoto wanatembea peku. Na bloku zenye matundu zijaze udongo siku hiyohiyo. Langu moja nililiacha wazi, nikakuta ng'e.