SOMO: Jinsi klabu ya kawaida inavyoweza kubadili sheria za Rotary

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara nne, na kila mara naanza upya. Kwa wageni: Rotary ni mtandao wa dunia wa klabu za kujitolea kuhudumia jamii. Naliandika hapa mara moja, tafadhali someni hadi mwisho. Nikisema distrikti namaanisha ile ya Rotary, yaani kundi la klabu za eneo moja chini ya gavana, si wilaya ya serikali.

1. Jua unagusa waraka gani. Iko Katiba ya Rotary International, ziko Kanuni zake, na iko Katiba Sanifu ambayo klabu zinaifuata. Hizo tatu hubadilishwa na Baraza la Kutunga Sheria, linalokutana kila baada ya miaka mitatu. Kanuni za klabu yenu mnazibadili wenyewe.

2. Klabu ijadili, ipige kura, katibu aweke kumbukumbu.

3. Andika mswada. Hapa ndipo sisi tulipokwama, ngoja nieleze vizuri. Ilikuwa kabla ya 2016, tukitaka masharti ya mahudhurio yalegezwe kwa wanachama wanaosafiri kikazi. Tukaandika kurasa mbili za hoja nzuri, zikiishia na "tunaomba Rotary iliangalie upya suala hili." Zikarudishwa. Ombi la namna hiyo ni azimio, na azimio halibadilishi hata herufi moja ya katiba. Mswada ni maneno yenyewe: unachukua kifungu kilivyo, unakata kwa mstari yanayotoka, unapigia mstari chini yanayoingia. Usiku ule tulikaa watatu mezani, kifungu kimechapwa kwa nafasi pana, peni nyekundu mkononi. Tulipomaliza, kurasa mbili zilikuwa zimebaki maneno kumi na moja. Hayo kumi na moja ndiyo yaliyokuwa mswada.

ANGALIZO: neno unalolibadili kifungu kimoja huenda limetajwa na vifungu vingine. Vitafute vyote. ANGALIZO la pili: tamko la lengo na athari linaloambatana na mswada lisizidi maneno 300, na liseme mswada unarekebisha nini. Sifa za klabu yenu hazihitajiki.

4. Distrikti iuidhinishe, kwenye mkutano mkuu wake, kwenye mkutano wa sheria, au kwa kura za klabu. Gavana athibitishe kwa maandishi. Distrikti moja haipeleki zaidi ya miswada mitano, kwa hiyo mnashindana na majirani zenu.

5. Ufike makao makuu si zaidi ya tarehe 31 Desemba ya mwaka wa Rotary (huanza Julai 1) unaotangulia ule wa Baraza. Kwa Baraza la 2028 ni 31 Desemba 2026. Tarehe hiyo ni ya mswada uliokwisha kuidhinishwa na distrikti. Klabu ikianza kujadili Novemba, imechelewa.

6. Barazani kila distrikti ina mwakilishi mmoja, kwa kawaida gavana mstaafu. Kanuni na Katiba Sanifu hupita kwa wingi wa kawaida. Katiba ya Rotary International inadai theluthi mbili.

7. Ukipita, klabu zote hupelekewa taarifa na zinaweza kupinga. Pingamizi zikifikia asilimia 5 ya kura za klabu, mswada husimama hadi klabu zenyewe zipige kura. La sivyo, unaanza kutumika Julai 1.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu, tunataka kukutana mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki. Tupeleke mswada?

Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 1. Baraza la 2016 lilishazipa klabu uhuru huo. Andikeni kwenye kanuni za klabu yenu.

Mdau wa Mwanza: Kwa hiyo hatuhitaji Baraza kabisa?

Jibu: Nimeshajibu hapo juu, ndugu yangu.

Mpenda Historia: Shikamoo. Samahani kama natoka nje ya mada, hivi wanawake nao waliingia kwa njia hii?

Jibu: Marahaba, na hujatoka nje hata kidogo. Klabu ya Duarte, California, iliwapokea wanawake watatu mwaka 1977, ikanyang'anywa hati yake ya kuwa klabu ya Rotary mwaka uliofuata. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 4, 1987 klabu ikashinda. Lakini hukumu ile ilikuwa ya Marekani. Katiba yenyewe iliendelea kusema mwanachama ni mwanamume, hadi Baraza la 1989 lilipoliondoa neno hilo. Neno moja, dunia nzima. Ndiyo maana naisisitiza hatua ya 3.

Mpenda Historia: Asante sana. Na kama hoja yetu ni ya maoni tu, haigusi kifungu?

Jibu: Hapo azimio linafaa. Baraza la Maazimio hupiga kura kwa mtandao kila mwaka, hamna haja ya kungoja miaka mitatu. Likipita linakwenda kwa Bodi ya Rotary International kama ombi.

Katibu Mpya: Nina swali dogo la pembeni. Hizo alama za kukata na kupigia mstari, mnazifanyaje zisipotee mkitumiana kwa simu?

Jibu: Swali zuri. Tumianeni PDF, msinakili maandishi kwenye WhatsApp. Sisi mistari ilipotea njiani, mjumbe mmoja akasoma ya zamani na mapya kwa pamoja, akapinga kitu ambacho hatukuwa tumekiandika.