Pipi za Oktoba zikifika Kirumba: namna ya kuzionja

Mdogo wangu ni muuguzi huko Ohio, na kila mwaka hununua pipi zake tarehe 1 Novemba, si kabla. Usiku wa kuamkia siku hiyo watoto wa Marekani huzunguka nyumba kwa nyumba wamejivika kama mizimu, wakiomba pipi. Ndiyo Halloween yenyewe. Kukipambazuka, maduka huuza mabaki kwa bei ya kutupa. Pipi hizo hulala sandukuni mpaka aje likizo Desemba. Kwa hiyo sisi Halloween yetu tunaila karibu na Krismasi, mvua ikipiga bati, na msimamizi wa sinia ni mimi.

Nasimamia kwa sababu sukari ndiyo kazi yangu. Napika kashata za karanga na za nazi, nauza hapa Kirumba, Mwanza, njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa la kumwaga mfuko mzima mezani. Dakika kumi hazikuisha, watoto wamemaliza, midomo rangi ya chungwa, na nilipowauliza walichokula kikoje wote wakajibu "kitamu." Basi! Utamu huja mbele na kelele. Ladha yenyewe huja nyuma, kwa mwenye subira ya kuingoja.

Kwanza, utunzaji. Usiweke chokoleti kwenye friji yenye samaki bila kopo la kubana. Mimi niliiweka jirani na sato na dagaa, nikidhani karatasi yake inatosha. Mafuta ya kakao hudaka harufu upesi kuliko kanga mpya, na tulikula chokoleti yenye mchuzi. Ukiitoa kwenye baridi, acha kopo likiwa limefungwa nusu saa ndipo ufunue; ukifungua papo hapo chokoleti inatoka jasho, sukari ya juu inayeyuka na kuacha ukungu mweupe. Weupe mwingine hutokana na chokoleti iliyolainika safarini ikaganda tena. Huo si uvundo, ni mafuta yamepanda juu. Inalika, ila inakuwa kama chaki mdomoni. Pipi ngumu na tofi hazitaki friji kabisa, zinataka kopo kavu, maana unyevu wa Ziwa Victoria huzifanya zinate kama kashata zangu msimu wa vuli.

Onja saa nne asubuhi, kabla ya chakula cha mchana. Usitangulize chai ya tangawizi wala pilipili. Andaa maji ya uvuguvugu, kwani ya baridi hufisha ulimi, na kipande cha ugali uliolala usio na chumvi. Hicho ndicho cha kusafishia mdomo kati ya pipi na pipi. Nimejaribu mkate, lakini mkate una sukari yake. Kata kila pipi vipande vidogo kwa kisu. Kisha bana pua, tafuna mara tatu, halafu achia pua. Pua ikibanwa utapata utamu tu, ukiiachia ladha inafunguka. Wanangu walidhani nawatania mpaka walipojaribu.

Anza na nyepesi. Smarties za Marekani (si zile za chokoleti za nchi nyingine) ni vidonge vya glukosi, vilianza New Jersey mwaka 1949. Usitafune. Weka kimoja ulimini ukae kimya: utasikia ubaridi kidogo, kwa kuwa glukosi ikiyeyuka hunyonya joto. Baada ya hapo ni uchachu mwepesi, hadithi imeisha.

Halafu zije candy corn, ambazo mimi naziita pipi za punje. Ni za pembetatu, njano chini, chungwa katikati, nyeupe kwenye ncha. Zilianza Philadelphia miaka ya 1880, na kampuni ya Goelitz ikaanza kuzitengeneza mwaka 1898. Enzi hizo ziliuzwa kwa jina la chakula cha kuku, kwa kuwa mahindi huko yalionekana ya mifugo. Waliotoa jina hilo hawajakaa na Wasukuma wakati wa ugali. Mfunge mtu kitambaa machoni, kata punje vipande vitatu kwa rangi, mlishe kimoja kimoja. Mwanangu wa pili aliapa kwamba nyeupe ni vanila na njano ni asali. Alipofungwa macho alikosa zote. Mchanganyiko wake ni mmoja, tofauti ni rangi tu. Kilichomo ni sukari, sharubati ya mahindi na vanila, nyingine asali kidogo. Mng'ao wa juu unatokana na utomvu wa kijidudu kiitwacho laki, na ndani mara nyingi kuna jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Jirani yangu Mwislamu hasogei kwenye sinia mpaka nimsomee karatasi, na ana haki. Soma kabla ya kukaribisha watu. Mama mkwe wangu alitafuna moja taratibu, akameza, akasema, "Hii ni sukari imevaa nguo." Sijapata maelezo bora zaidi.

Kwenye karameli nakaa sana, hiyo naijua. Ni sukari, maziwa na siagi, iliyopikwa mpaka tone lake likidondoshwa kwenye maji baridi linafinyangika. Kashata yangu naipeleka mbele ya hapo, mpaka tone livunjike. Tafuta harufu ya kuungua kwa mbali. Karameli isiyo na uchungu wowote nyuma ya ulimi iliogopa moto. Baada yake, zile tofi za karanga zilizofungwa kwa karatasi nyeusi na za chungwa, ambazo mdogo wangu anasema watoto wa Marekani huziacha chini ya mfuko. Zina molasi, ile nyeusi inayobaki sukari nyeupe ikishatolewa. Sisi tuliokua na sukari guru tunaitambua hapo hapo, na nyumbani kwangu ndizo zinazogombewa.

Reese's, vikombe vya chokoleti vyenye siagi ya karanga ndani, ilianzishwa mwaka 1928 na H. B. Reese, mtu aliyewahi kuajiriwa kwenye ng'ombe wa maziwa wa Hershey, watengenezaji wa chokoleti. Onja karanga kwanza: geuza kipande, chokoleti iwe juu, karanga iguse ulimi. Chumvi ndiyo inayobeba kazi yote. Nilijifunza hapo, tangu siku hiyo natia chumvi kidogo kwenye kashata na wateja wanaongezeka. Mwenye mzio wa karanga asikae hata kwenye meza hiyo. Chokoleti ya Hershey yenyewe ina uchachu ambao Wazungu wa Ulaya huulalamikia sana, wengine husema inanuka matapishi. Inaelezwa kuwa ni asidi ya butiriki, ambayo imo pia kwenye siagi. Mtu aliyelelewa kwa samli na maziwa mgando hapati shida. Mimi ilinikumbusha kibuyu cha bibi.

Ukiona pipi imeandikwa ladha ya viungo vya boga, usihangaike kutafuta boga. Ni mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu, viungo vya kutia kwenye mkate wao wa boga. Kwetu hiyo ni chai ya viungo iliyogandishwa. Wenzetu wanasikia majani yakipukutika, mimi nasikia harusi.

Likorisi nyeusi, pipi inayotiwa mzizi wa mmea wa jina hilo, iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu ladha ya mzizi wake haiondoki hata kwa ugali. Mwenye presha aiache: ina kitu kinachopandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini, na mtu wa miaka 40 au zaidi anayekula gramu 57 kila siku kwa wiki mbili anaweza kuharibu mapigo ya moyo. Kipande kimoja cha kuonja hakina neno. Sioni mtu wa kula gramu 57, lakini dunia ina watu.

Pipi za punje zitabaki, hubaki kila mwaka. Changanya konzi moja na konzi mbili za karanga za kukaanga zenye chumvi, utafune pamoja. Mama mkwe anaupenda sana mchanganyiko huo. Ukichungulia bakuli lake baadaye utakuta karanga zimeisha na punje zote zipo.