Shingo Imeumia Ajalini: Picha Ipi Ianze?

Kabla ya kujaza fomu ya picha, mpime mgonjwa. Shingo inaweza kuachwa bila picha iwapo hajalewa, akili ni timamu, hana udhaifu wala ganzi, haumii ukibonyeza katikati ya shingo kwa nyuma, na hana jeraha jingine la kumsahaulisha shingo. Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa: dereva wa bodaboda aliyevunjika paja atakuambia shingo haina neno. Mwenye miaka 65 na zaidi, au aliyeanguka kutoka mita 1 au vidato 5 vya ngazi au zaidi, apigwe picha hata akijisikia mzima.

Kwa mtu mzima anza na CT (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande vipande) bila dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, kutoka chini ya fuvu hadi pingili ya kwanza ya kifua. Dai vipande vyembamba vipangwe upya kwa mtazamo wa ubavuni na wa mbele, kwa sababu ufa uliolala sambamba na kipande, kama ule wa jino (mfupa unaochomoza juu) la pingili ya pili ya shingo, hukwepa macho. Kifua na tumbo vikipigwa CT pia, usimrudishe mashineni. Picha za mgongo zitolewe humo humo.

MRI (picha ya sumaku) hufuata pale penye udhaifu au ganzi, au ligamenti (kano zinazoshikilia mifupa) zikishukiwa kuumia. Inaonyesha ugwe mgongo (neva kuu iliyo ndani ya uti) na diski (mito kati ya pingili) vizuri, lakini nyufa ndogo za mfupa huipita.

Hakuna CT? Piga eksirei tatu: ubavuni, mbele, na mdomo ukiwa wazi. Ya ubavuni lazima ionyeshe pingili ya 7 ya shingo ikikutana na ya kwanza ya kifua. Mabega ndiyo huziba hapo; picha iliyokomea pingili ya 6 irudiwe. Usimwambie akunje shingo ili uone zaidi. Na eksirei safi kwa mtu mwenye dalili haitoshi kumvua kola ya kukinga shingo: mpe rufaa ya CT.

Mtoto mwenye hatari ndogo huanzia eksirei, kumpunguzia mionzi. Akiwa na ganzi au udhaifu, MRI, maana ugwe wake unaweza kuumia mifupa ikiwa mizima.

Ukipata mvunjiko mmoja, piga uti wote. Wa pili unaweza kujificha mbali na ule wa kwanza. Na mwenye uti uliokakamaa kwa ugonjwa apewe CT hata kama alijikwaa tu.