Kipimo na karantini: hesabu za kufanya kabla ya kulipia tiketi

Mwaka 2021, wakati wa janga la korona (UVIKO-19), nilikuwa Mombasa nikiwapangia watu safari, wengi wakirudi Uingereza. Kenya iliingia kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani nchi ambazo aliyetoka huko alilazimika kukaa karantini hotelini, tarehe 9 Aprili, ikatoka 22 Septemba. Utaratibu huu niliushika miezi hiyo, na likizuka janga jingine nitauanza upya.

Hatua ya 1: Soma njia nzima. Kwanza, unaruhusiwa kuingia? Aliyetoka nchi nyekundu bila kuwa raia wa Uingereza au Ireland, wala mwenye haki ya kuishi Uingereza, alizuiwa. Kisha andika kila nchi utakayopitia ndani ya siku 10 kabla ya kufika, hata ya kubadilisha ndege tu. Mwishoni mwa Mei Uganda haikuwa kwenye orodha, lakini aliyetoka Entebbe akaunganisha ndege Nairobi alihesabiwa ametoka nchi nyekundu. Tiketi rahisi ikamtia gharama ya hoteli.

Hatua ya 2: Jumlisha karantini kwenye nauli. Hoteli ililipiwa kabla ya safari: pauni 1,750 kwa mtu mzima, 650 kwa wa pili chumbani, 325 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 12. Baba, mama na mtoto wa miaka 8 walihitaji pauni 2,725. Tarehe 12 Agosti bei ya mtu mmoja ilipanda hadi 2,285.

Hatua ya 3: Hesabu kipimo kwa kurudi nyuma. Hapa ndipo wengi waliumia, kwa hiyo twende taratibu. Muda huanza kijiti kilipoingia puani, si majibu yalipotoka. Uingereza ilitaka kipimo ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka: ukisafiri Ijumaa, mapema zaidi ni Jumanne. Mimi nilichagua Jumatano, maabara ikichelewa ibaki nafasi. Saa nazo ziandike kwa namna zote mbili: 14:30, saa nane na nusu mchana. Kijana mmoja alipewa miadi ya 8:00, akafika saa nane mchana. Siku ikapotea.

Hatua ya 4: Soma cheti ukiwa bado maabara. Jina lifanane na la pasipoti, tarehe ya kuzaliwa iwepo, na tarehe ya kuchukua sampuli iwepo. Bi mkubwa mmoja aliniletea cheti chenye tarehe ya kuchapishwa peke yake. Tulirudi naye juani, kikaandikwa upya, akasafiri.

Hatua ya 5: Siku ya kufika ilikuwa siku 0. Ukitua Jumamosi, kipimo cha siku ya 2 kilikuwa Jumatatu, cha siku ya 8 Jumapili inayofuata, na siku ya 10, ya mwisho ya karantini, ilikuwa Jumanne. Aliyekutwa na virusi aliongezewa siku, na alizilipia mwenyewe. Basi dawa za presha au sukari beba za wiki tatu, uziweke kwenye mkoba wa mkononi.