Jinsi ya kuisoma picha ya mwandishi iliyochorwa kwa rangi

Wengi wetu tukifika mbele ya picha ya mwandishi tunaangalia kafanana au hajafanana, alafu tunapita. Kufanana acha kwanza.

Anza na miaka. Chukua mwaka picha ilipochorwa uweke pembeni ya mwaka mwandishi alipofariki. Dante, mshairi wa Italia, kafa 1321, picha yake aliyochora Botticelli yenye taji la majani na pua kali kama ya mwewe ni ya kama 1495 hivi, yaani zaidi ya miaka 170 baadae, Botticelli hakuwahi kumuona hata kivuli, alichochora ni Dante ambae Florence, mji wake, ilikua inamtaka (na Florence hiyohiyo ndo ilimfukuza akiwa hai, we acha tu).

Alafu uliza nani kaagiza na nani kalipa, hapa ndo penye utamu. Pavel Tretyakov, mfanyabiashara wa Moscow, aliamua kuwakusanya waandishi wa Urusi ukutani kwake wengine wakiwa bado hai, akampa mchoraji Perov kazi ya kumchora Dostoyevsky 1872, mwaka uliofuata mchoraji mwingine, Kramskoi, akamchora Tolstoy ambae mwanzoni alikua hataki hata kusikia habari ya kuchorwa. 1892 Tretyakov akaukabidhi mkusanyiko wote kwa mji wa Moscow. Kwa hiyo sura ambazo watu wanazijua leo kama sura za fasihi ya Urusi zilichaguliwa na tajiri mmoja mwenye jicho.

Baada ya hapo tazama nguo. Tolstoy alikua kabaila mwenye cheo ila pale kakaa na shati pana la kawaida tu, hiyo sio bahati mbaya. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, kwenye picha ya mchoraji Tischbein ya 1787, yeye kajilaza na joho jeupe na kofia kubwa, nyuma yake magofu ya Kirumi, ujumbe ni kwamba Mjerumani huyu ni mrithi wa Warumi wa kale. Hesabu na miguu pia, inaonekana yote miwili ni ya kushoto, na bado ndo Goethe anaejulikana kuliko wote.

Usiondoke bila kusoma lebo, hasa vineno kama "inasadikiwa". Shakespeare yule mwenye hereni ndo picha ya kwanza kabisa kuingia National Portrait Gallery, jumba la picha za watu maarufu la London, ilipoanzishwa 1856, na mpaka leo hakuna mwenye uhakika asilimia mia kwamba ni yeye.