Kabla hujaenda duka la vifaa vya keki kipindi cha sikukuu, soma hii kwanza

Sikukuu ikikaribia yale maduka ya vifaa vya keki hayafai, watu wanapishana kwa ubavu, mhudumu anaitwa na kila mtu kwa wakati mmoja, sasa wewe ukienda pale ukitegemea kuelekezwa umeumia. Ujue unachotaka kabla hujatoka nyumbani.

Nenda mapema, wiki mbili tatu kabla, siyo mkesha. Vinavyoisha kwanza ni maboksi, bodi za kukalishia keki na zile rangi kila mtu anazitaka. Nenda asubuhi siku ya kazi. Watoto waache nyumbani.

Orodha iandike ukiwa na resipi mbele yako, siyo kwa kukumbuka, na ufungue kabati kwanza maana vanila tunazo tele tunasahau tu. Hamira na bekingi pauda za zamani zijaribu kabla hujaziamini. Bekingi pauda weka kijiko kidogo kwenye maji ya moto, ikitoa povu kwa fujo iko hai, ikikaa kimya tupa. Bekingi soda yenyewe ijaribu kwa siki. Hamira itie kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, usubiri kama dakika 10, usipoona povu usijidanganye.

Pima oveni, na upime kwa ndani, mlango ukiwa na nafasi ya kufunga. Kuna watu wanabeba matrei makubwa mazuri, wanafika nyumbani mlango haufungi. Halafu tini, hapa watu wanapigwa sana: ya duara ya inchi 8 na ya inchi 9 zikiwa zimepangwa pamoja dukani utasema ni mamoja, kumbe ya 9 inaizidi ya 8 eneo kwa zaidi ya robo, ukimwagia humo mchanganyiko wa inchi 8 unatoa keki bapa, kavu. Ila ya mraba ya inchi 8 inakaribia kabisa kuwa sawa na ya duara ya inchi 9, hizo badilisha tu. Boksi nalo linafuata bodi, halifuati keki, na bodi inatakiwa izidi keki kama inchi 2 hivi. Kimo sasa, hicho ndo hakuna anayekumbuka kukipima, mpaka kifuniko kinapokaa juu ya maua.

Chokoleti angalia mafuta yake. Yenye siagi ya kakao tupu ni tamu lakini inataka kubembelezwa kwa kipimajoto, ile nyeusi unaiyeyusha kwenye nyuzi 45 mpaka 50, unaipoza mpaka 27 au 28, unairudisha 31 au 32 ndo unaitumia, ukiruka hapo inaganda na mabaka meupe. Kama huna kipimajoto wala uvumilivu chukua ile ya mafuta ya mimea, inayeyuka na kuganda bila masharti. Na ukitaka kuipaka rangi omba rangi ya mafuta, ukitia ya maji inashikana madonge pale pale.

Haya, sasa hili la unga wa kung'aa, ule wa dhahabu na fedha, tulieni hapa.

Wifi yangu ni fundi kweli wa keki, siyo mtu wa kubahatisha. Msimu mmoja alienda dukani dakika za mwisho, watu wamejaa, akaomba dhahabu akapewa kikopo kidogo kama kizibo cha soda, akalipa akaondoka. Akaukoroga na vanila, akaipaka keki nzima kwa brashi, juu mpaka chini, ikatoka inawaka. Wageni wameshapiga picha, kisu kiko mkononi, ndo mama mmoja aliyekuwa anaosha vikombe jikoni akakiokota kile kikopo na kuanza kubandua stika ya bei kwa ukucha. Chini ya stika pameandikwa kwa herufi za sisimizi: kwa mapambo tu, si kwa kuliwa. Tukaanza kubandua fondanti yote, lile tabaka la sukari linalofunika keki, usiku ule, kazi ya siku nzima ikaenda kwenye ndoo, na bahati nzuri chini yake palikuwa na kremu, keki ikaliwa hivyo hivyo. Aliporudi dukani kuuliza akaambiwa mbona wengi wanatumia tu.

Wengi wanatumia, sawa, lakini Marekani, jimbo la Rhode Island, mwaka 2018 watoto 6 waliokula keki ya birthday iliyopambwa kwa unga wa aina hiyo walitapika na kuharisha, ulipopimwa ukakutwa umejaa shaba. Mwaka uliofuata, Missouri, mtoto wa mwaka mmoja akakutwa na madini ya risasi kwenye damu, chanzo unga wa kupambia keki. Kwa hiyo kikopo kikiandikwa tu kwamba hakina sumu usikipokee kwa ajili ya kula, hiyo haimaanishi ni chakula. Tafuta kilichoandikwa wazi kuwa kinaliwa NA chenye orodha ya viambato, utaona vitu kama sukari, wanga wa mahindi, gamu arabika na rangi za chakula. Hakina orodha? Rudisha. Stika imeziba? Mwambie aibandue mbele yako, akinuna anune. Na huu uliopimwa upya kwenye vimfuko visivyo na jina usiuguse hata kama dada wa kaunta anaapa.

Mengine ni ya kawaida, tarehe ya mwisho kwenye kila kitu, risiti usitupe, uliza kabisa kama wanapokea kitu kikirudishwa maana wengine msimu huo hawataki kusikia. Kama kuna mlaji ana aleji ya karanga soma lebo mpaka za vile vipunje vya rangi vya kunyunyizia. Nozo, vile vidude vya kuchorea kremu, zikague ncha, zilizopinda zipo. Chokoleti na fondanti ziingie kwenye kapu mwisho, na ukitoka hapo nenda nyumbani moja kwa moja, usipitie kwa mtu ukaziacha kwenye gari juani.